Wasichana Waliosikiliza Mabomba

Mwaka ule, mjini Rujum, hapakuwa na mtu aliyelaaniwa kama mimi. Kazi yangu ni kufungua na kufunga koki za maji. Sisi tuko juu vilimani, kusini mwa Karak, na maji hatuyapati kila siku. Kila mtaa una siku yake. Mtaa wa Chini ni Jumapili, Mtaa wa Kati ni Jumanne, Mtaa wa Juu ni Alhamisi. Siku yako ikifika, maji yanapanda mpaka kwenye tangi lako la paani, unalijaza, halafu unajibana hadi wiki nyingine. Anayezunguka na ufunguo mrefu wa chuma kufungua hizo koki ni mimi, Mutlaq, ingawa watu wananiita Baba Ruba, kwa jina la binti yangu mkubwa.

Mwezi wa sita maji yakaanza kukata Mtaa wa Juu. Hayakukata ghafla. Kwanza yalijaza nusu tangi, kisha robo, kisha mabomba yakawa yanakohoa hewa na kutema vikombe viwili vitatu vya maji yenye kutu. Na mimi nilikuwa nafungua koki ile ile, mizunguko ile ile ishirini na miwili, kila Alhamisi saa sita mchana, na kuifunga Ijumaa saa sita mchana. Nani angeniamini? Wakasema nawapendelea watu wa Mtaa wa Chini kwa sababu mke wangu katoka huko. Mama Ayid, bibi mmoja wa Mtaa wa Juu ambaye hata imamu anamwogopa, alinimwagia maji ya kufulia miguuni mbele ya watu.

"Chukua," akaniambia. "Ndiyo yaliyobaki. Wapelekee wakwe zako."

Niliripoti ofisi ya maji. Injinia Hazza, kijana mstaarabu asiyepandisha sauti, alikuja akapima, akasema tangi kuu linatoa maji ya kutosha, yanapotelea njiani. Lakini njia yenyewe ni kilomita tatu za bomba lililozikwa chini ya mawe, barabara na mashamba tangu kabla yeye hajazaliwa. Kikosi chenye mashine ya kutafuta mahali panapovuja kilikuwa kimoja kwa mkoa mzima, na zamu yetu ingefika baada ya majira ya baridi.

Shule zilikuwa zimefunguliwa kama wiki mbili hivi, nami nimeinama kwenye koki ya Mtaa wa Juu, nikaona viatu vya shule jozi tatu mbele yangu.

"Salaam aleikum, ami."

Walikuwa wasichana watatu wa darasa la kumi. Aliyesalimia aliitwa Tuqa, mwembamba, msemaji, macho hayatulii. Wa pili, Bayan, alikuwa amekumbatia daftari kubwa kama mkunga aliyebeba mtoto. Wa tatu alisimama nyuma kidogo, kageuza kichwa upande ili sikio lake la kulia linielekee. Nilikiona kifaa cha kusikilizia chini ya ukingo wa mtandio wake. Huyo ni Lujain, binti wa fundi cherehani.

"Ami, bomba likivuja huwa linapiga kelele. Umewahi kulisikia?" Tuqa akauliza.

"Bomba halipigi kelele, binti yangu. Wanaopiga kelele ni watu."

"Basi tuazime ufunguo wako, na ramani, na Ijumaa zako nne."

Nikacheka. Akanieleza. Mwalimu Ibtihal, anayewafundisha fizikia, alikuwa amewapa kazi: kila kundi litafute kitu kimoja ambacho nchi inakipoteza, na ambacho wao wanaweza kukizuia kisipotee, kwa mikono yao, si kwa insha. Wenzao walichagua mikate inayotupwa, wengine taa zinazowaka mchana.

"Sisi tumechagua maji," akasema. "Karibu nusu ya maji yanayotiwa kwenye mabomba ya nchi hii hayamfikii mtu. Nusu, ami. Na sisi ni watu tunaopiga mswaki kwa kikombe."

"Mnatafuta alama za mtihani."

"Alama tungezipata hata kwa kuchora bango. Tunataka hayo maji."

"Wewe binti wa nani?"

"Bibi yangu ni Mama Ayid."

Bila kupenda nikarudi nyuma hatua moja. Tuqa akaona, akajitahidi asicheke. "Anakuapiza kila Alhamisi baada ya adhuhuri," akasema. "Maji yakifika ataacha. Naye anaoga kwa jagi, ami, na ana miaka sabini na nne."

Sijui kilichonifanya nikubali. Labda ni kwamba kwa miezi mitatu walikuwa watu wa kwanza kunisemesha habari ya maji bila kunitukana.

Mbinu yenyewe waliipata kwa mwalimu wao. Unachukua nondo iliyonyooka, unaisimamisha juu ya koki au unaichomeka ardhini juu ya bomba, na kwenye ncha ya juu unaweka sikio. Maji yanayotoka kwa nguvu kwenye tundu hutetemesha chuma. Kadiri unavyokaribia, mlio unakua. Lazima bomba liwe na maji, na lazima pawe kimya. Kwa hiyo tukachagua Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, koki ya Mtaa wa Juu ikiwa bado wazi, mji mzima umelala kwa sababu hakuna kazi wala shule.

Ijumaa ya kwanza tulikuwa watano, na mwalimu Ibtihal akiwa na chupa ya chai. Jua lilikuwa linaanza kugusa ncha za mizeituni. Tuqa alikuwa anasikiliza, Bayan anaandika, mimi naonyesha bomba linapita wapi. Nakiri nilikuwa nafurahia kama mtoto. Nilikuwa nimefanya kazi juu ya bomba lile miaka kumi na tisa bila kuwahi kulisikiliza.

Ijumaa ya pili, karibu na duka la mikate la Mtaa wa Kati, Tuqa akaruka.

"Hapa! Ami, hapa, sikia."

Nikasikiliza. Kweli, nondo ilikuwa inaunguruma. Mwalimu naye akasikia. Tuqa tayari alikuwa amenipokonya simu anampigia Injinia Hazza. Nilimwona Lujain, aliyekuwa amepewa nondo mwisho, akisema kitu kwa sauti ya chini, lakini hakuna aliyemgeukia. Sote tulikuwa tunasikiliza simu.

Jumapili, ambayo kwetu ni siku ya kazi na shule, Injinia Hazza alileta mashine ya kuchimba. Watu walijaa. Wasichana waliombewa ruhusa shuleni, wakasimama mstari wa mbele. Mashine ikapasua lami, ikashuka mita moja, moja na nusu, ikafika kwenye bomba. Bomba lilikuwa zima. Udongo uliolizunguka ulikuwa mkavu kama unga.

Mwenye duka la mikate alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Mkipata petroli mnikumbuke," akasema, na barabara nzima ikacheka. Kumbe uliokuwa ukiunguruma ni mtambo wa friji yake kubwa, aliyoinunua msimu ule, iliyowekwa chini ukutani.

Injinia hakumgombeza mtu. Aliwaambia tu mafundi wake wafukie, kisha akanivuta kando. "Baba Ruba, nakuheshimu. Lakini sichimbi tena kwa masikio ya watoto."

Tuqa alikaa kwenye ukingo wa barabara, uso mwekundu, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Lujain akaja akasimama mbele yake.

"Nilikuambia si hapa."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia mara mbili. Sauti ile ilikuwa inakatika, inapumzika, inaanza tena. Maji hayapumziki." Akagusa kifaa chake. "Mimi ndiye kiziwi, lakini wewe ndiye hukusikia."

Bayan akaziba mdomo. Mimi nilitazama pembeni. Tuqa akainuka, akaokota nondo kule ilikokuwa imetupwa, akamkabidhi.

"Basi shika wewe. Mimi nitabeba chai."

Ijumaa iliyofuata ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu wanadhani natia chumvi. Lujain alivua kile kifaa chake, akakitia mfukoni. Akafunga kitambaa safi kwenye ncha ya nondo. Halafu, badala ya kuweka sikio, akaing'ata.

"Anafanya nini?" nikamuuliza mwalimu.

"Muulize mwenyewe. Ila subiri akuangalie."

Lujain alipotoa nondo mdomoni akanieleza. Masikio yake yameharibika kwa nje tu. Ndani yako sawa. Akivua kifaa, dunia inanyamaza: ndege, mbwa, magari, sisi. Kinachobaki ni kile kinachopita kwenye mfupa. Utotoni alikuwa aking'ata kijiko na kukigusisha kwenye redio ya baba yake, na hivyo ndivyo alivyosikiliza nyimbo.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Msichana anang'ata chuma barabarani," akasema. "Ungecheka, ami."

Ningecheka, kweli.

Tulianzia kwenye tangi kuu, koki baada ya koki. Kila alipoing'ata nondo alifumba macho na kuinua vidole: kimoja maana yake kimya, vitano maana yake tumefika. Koki ya kwanza, kidole kimoja. Ya pili, kimoja. Friji ya mwokaji tuliipita bila salamu. Ya tatu, nyuma ya zahanati, akakaa muda mrefu, kisha vidole viwili. Bayan akaandika. Tukaliacha eneo la nyumba tukaingia kwenye mashamba ya mteremkoni. Lujain akachomeka nondo ardhini kila hatua ishirini. Viwili. Vitatu. Tuqa, aliyekula kiapo cha kunyamaza, alikuwa anatembea huku ameuma shungi lake. Vitatu tena. Vinne.

"Inalia vipi?" Tuqa akashindwa, akamuuliza kwa mikono na midomo.

"Kama mtu anakaanga vitunguu chumba cha pili," Lujain akajibu kwa sauti kubwa, maana hakuwa akiisikia sauti yake mwenyewe.

Tulikuwa karibu tunakimbia. Mwalimu alipoteza kiatu kimoja kwenye mawe akarudi kukitafuta peke yake, hatukumsubiri. Halafu mbele yetu ukatokea ukuta wa mawe, na juu ya ukuta makomamanga mekundu, mazito, yakiinamisha matawi. Lujain akaichomeka nondo chini ya ukuta, akaing'ata, na mkono wake mzima ukafunguka hewani.

Lilikuwa shamba la Haji Fandi.

Yeye alikuwa ameshatuona. Alifungua lango, mzee mrefu aliyeanza kupinda, kilemba chake cheupe kimefungwa kwa haraka. Hakutuuliza tunataka nini. Alitukalisha kwenye mkeka na kuweka birika motoni.

"Kunyweni," akasema. "Hii chai ni ya maji ya Wadha."

Wadha alikuwa mkewe. Alifariki mwezi wa tatu mwaka ule. Haji Fandi akatuonyesha penye mawe mawili chini ya mkomamanga mkubwa, na pale maji safi yalikuwa yanabubujika, yanateremka kwenye mifereji aliyoichimba vizuri kwa jembe.

"Hapo ndipo alipokuwa anapenda kukaa akichambua mboga," akasema. "Mwezi wa tano ardhi ikalowa. Wa sita chemchemi ikafunguka. Miaka yote hii, ukame wote huu, hapajawahi kuwa na tone. Na kila Alhamisi baada ya adhuhuri, nikikaa hapa kumsomea Fatiha, maji yanaongezeka. Njoo Alhamisi uone kwa macho yako, Baba Ruba. Ananijibu."

Nilikuwa na ufunguo wa koki mapajani. Nikausogeza polepole nyuma ya mgongo wangu.

Tulikunywa ile chai. Bayan aliomba chupa moja ya maji, mzee akaijaza mwenyewe, akafurahi kwamba mgeni amependa.

Maabara ya shule, matone mawili ya dawa, na maji yakageuka waridi. Yalikuwa na klorini. Chemchemi haina klorini. Klorini tunaitia sisi kwenye tangi kuu. Lakini Bayan hakuridhika. Alikuwa na kichwa cha hakimu yule mtoto.

"Huenda kuna kidogo kimechanganyika na chemchemi ya kweli," akasema. "Ami, Alhamisi hii usifungue saa sita. Fungua saa tisa."

"Mtaa wa Juu wataniua."

"Hawapati maji hata hivyo," Tuqa akasema. "Watakuua kwa kipi kipya?"

Alhamisi saa sita nikakaa kando ya koki mikono imekunjwa. Bayan alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka mapema, naye alikaa na Haji Fandi chini ya mkomamanga, kwa kisingizio cha kuchora miti, ndoo miguuni na saa mkononi. Saa saba akanitumia ujumbe: hakuna kilichobadilika. Saa nane: hakuna. Mzee anashangaa, ameshasoma Fatiha mara tatu. Saa tisa kamili nikazungusha, mizunguko ishirini na miwili. Saa tisa na dakika ishirini simu ikalia.

"Yamepanda," Bayan akanong'ona. "Ndoo ilikuwa inajaa kwa dakika moja na nusu. Sasa inajaa kwa nusu dakika. Ami, analia kwa furaha. Anamshukuru."

Nilijua nimepata nilichokitafuta tangu mwezi wa sita. Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Kesho yake tulikutana nyumbani kwa mwalimu. Tuqa alitaka tumpigie injinia hapo hapo. Lujain akakataa.

"Aambiwe yeye kwanza. Na asiambiwe na mtu wa serikali."

"Nani atamwambia?"

"Mimi ndiye niliyesikia."

Akaenda, nasi nyuma yake. Alimweleza mzee taratibu, kila kitu, klorini, ndoo, koki. Hakumficha hata lile la saa tisa. Mwishowe akampa nondo ili asikilize mwenyewe. Haji Fandi hakuipokea. Alinitazama mimi.

"Ulikuwa unakunywa chai yangu huku unajua?"

"Siku ile nilikuwa nakisia, Haji."

"Tokeni," akasema. Hakupandisha sauti. "Tokeni shambani kwangu. Ofisi ikitaka kuchimba ilete askari."

Tulitoka. Lango likafungwa. Njiani Lujain alivua kifaa chake, na sote tukaelewa kwamba hataki kusikia chochote.

Ningependa kusema kuwa mimi ndiye niliyelitatua, lakini sivyo. Usiku ule Tuqa alimsimulia bibi yake habari yote, na Jumamosi saa mbili asubuhi nikamwona Mama Ayid akishuka mteremko kwa fimbo, mjukuu kamshika mkono, akipita mlangoni kwangu.

"Vaa viatu," akaniambia. "Na chukua sururu."

Lujain na Bayan walikuwa tayari wanangoja barabarani. Haji Fandi alifungua lango kwa sababu hakuna anayemfungia lango Mama Ayid. Bibi hakuketi, wala chai hakuipokea. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye yale mawe mawili, akayatazama maji muda mrefu.

"Fandi," akasema, "nani alimwogesha Wadha alipokufa?"

"Wewe."

"Mwaka ule wa ukame mkubwa, mimi nina watoto watano wadogo, nani alikuwa anapanda kilima na ndoo kichwani kuniletea maji kila alfajiri, huku ana mimba?"

Mzee akashika shina la mkomamanga.

"Angejua kwamba nyumba sitini za juu zinakaa bila maji ili mizizi ya mikomamanga yake ilowe, angekulaza nje. Wewe unasema ndiye anayeyaleta. Unamfanya marehemu mwizi, Fandi? Wadha?"

Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, maana ilikuwa Jumamosi, na koki ikifungwa hupitisha kidogo tu. Haji Fandi akajishika goti, akachuchumaa, akachota kiganja kimoja akanawa uso. Aliponyanyuka alimtafuta Lujain kwa macho.

"Wewe binti. Nipe hicho chuma chako. Nionyeshe kinang'atwa vipi."

Lakini siku hiyo maji hayakuwa na nguvu, bomba halisemi. Basi nikapiga simu kwa Injinia Hazza, nikamwambia kuna masikio ya watoto, kuna daftari, kuna klorini, na kuna mzee mwenye shamba anayesema chimba. "Soma hilo daftari," akasema. Bayan akaichukua simu akamsomea kurasa sita, saa, tarehe, sekunde za ndoo. Nilimsikia injinia akicheka upande wa pili, kicheko cha mtu aliyeshindwa vizuri.

"Fungua koki, Baba Ruba. Kwa amri yangu. Nakuja."

Nilikimbia, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nikazungusha koki, nikarudi nikikimbia. Nilipofika Lujain alikuwa amepiga magoti, nondo mdomoni, anasogea shibri moja moja, na Haji Fandi kapiga magoti kando yake anamshikia chuma kisiyumbe. Vidole vitano. Vitano. Akarudi nyuma shibri moja. Akatoa nondo, akachora msalaba kwenye udongo kwa kidole.

"Hapa. Inapiga mayowe hapa."

Tulichimba kwa sururu na sepetu, mimi, injinia na fundi wake, kisha Haji Fandi akampokonya fundi sepetu. Tulipofika kiunoni udongo ukawa tope. Injinia alipopiga mara moja zaidi, jiwe likang'oka na maji yakaruka juu ya vichwa vyetu, meupe, yenye nguvu, yakatupiga nyuso sote. Wasichana walipiga kelele ambayo nadhani ilisikika Karak. Tuqa na Lujain walikumbatiana wamelowa chapachapa. Mwalimu Ibtihal, aliyefika wakati huo huo na viatu vyake vyote viwili, alisimama kwenye mvua ile anapiga makofi kama msichana wa darasa la kumi.

Kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka, ufa ambao mkono wangu uliingia. Tulifunga koki, tukafunga kibano kipya, na kabla ya alasiri kazi ilikuwa imekwisha.

Alhamisi iliyofuata sikuwa na haja ya kuuliza kama maji yamefika. Nilifungua saa sita, nikapanda Mtaa wa Juu kwa miguu. Saa saba kasoro robo nikasikia tangi la kwanza likinguruma juu ya paa, sauti ile ya maji yakipiga chini ya bati tupu. Kisha la pili. Kisha paa baada ya paa, mtaa mzima. Wanawake walipanda juu na kufunua mifuniko kuangalia ndani, wakapigiana vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba. Watoto walivuliwa nguo wakaogeshwa uani. Mama mmoja alilia kwa sababu mashine yake ya kufulia ilikuwa imezunguka mpaka mwisho bila kusimama. Mwenye duka la mikate alituma trei mbili za maandazi ya jibini shuleni, na ujumbe kwamba petroli sasa haitaki tena.

Ila lilibaki tatizo la miti ya Haji Fandi. Bila yale maji ingekauka kabla ya mvua, na Tuqa hakuweza kulala kwa hilo. Walikwenda wenyewe kwa imamu na kwa mkuu wa shule. Maji ya kutawadhia msikitini na ya kunawia mikono shuleni yalikuwa yanaishia kwenye shimo la majitaka. Baada ya wiki tatu, na mafundi wawili waliojitolea, yalikuwa yanachujwa kwenye pipa la mchanga na kuteremka kwa bomba jembamba hadi chini ya mkomamanga mkubwa. Siku yalipofika, Haji Fandi alikaa kwenye yale mawe mawili na kumsomea mkewe kama kawaida.

"Haya nayo ni maji ya watu waliosali," akaniambia. "Hajapunjwa."

Kwa kazi ya mwalimu Ibtihal walipata alama za juu, ingawa nadhani walisahau hata kuuliza. Injinia Hazza aliandika barua makao makuu, akaambatanisha nakala ya daftari la Bayan. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyowahi kuona jibu lolote likija: wasichana wawafundishe wenzao katika shule nyingine sita za mkoa, Ijumaa na Jumamosi, chini ya usimamizi wa ofisi, na mimi niwe dereva na mshika funguo. Hadi majira ya baridi yalipoanza, zile shule zilikuwa zimepata mivujo kumi na moja. Injinia alipiga hesabu ya maji yaliyookolewa, akasema ni sawa na kuchimba kisima kipya, ila hiki kimechimbwa na watoto wenye nondo.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili tulikuwa mji mwingine, upande wa Tafila. Baridi ilikuwa kali, pumzi zinaonekana. Wavulana ishirini wa shule ya sekondari walikuwa wamejipanga kando ya barabara, mikono mifukoni, wanatazamana kwa tabasamu la kebehi. Lujain alisimama mbele yao na nondo, kifaa chake keshakivua.

"Nani anataka kuanza?" akauliza.

Hakuna aliyejitokeza. Mmoja mrefu wa nyuma akasema kitu kuhusu wasichana wanaotafuna vyuma, wenzake wakaangua kicheko. Lujain hakukisikia, lakini alimwona. Akamnyooshea nondo yeye.

"Njoo wewe, mwenye meno mengi."

Kijana akaja, anajikuna shingo. Akafunga kitambaa kama alivyoelekezwa, akaing'ata nondo juu ya koki ya barabarani, akafumba macho. Kicheko kikaendelea nyuma yake kidogo, kisha kikafifia, kwa sababu uso wake ulibadilika. Aliinua mkono bila kuachia chuma. Kidole kimoja. Viwili. Vitatu.

Tuqa, na nondo nyingine mkononi, alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea koki inayofuata, na wale wavulana wote wakamfuata mbio, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuigusa nondo.